Kufuli la Mfereji Mkavu

Wageni kutoka Nairobi wakifika kwetu huutazama Mlima Kenya na kusema, "Mungu amewabariki, maji tele!" Mimi hucheka tu. Mungu alitubariki na maji, kisha akatubariki na baba yangu, na baraka hizo mbili hazikupatana hata siku moja.

Kwetu ni juu ya kilima, upande wa Nkubu, na mto uko bondeni. Serikali ilisema mto ni wake. Mwenye shamba la kando alisema ni wake. Lakini aliyeubeba mgongoni ni mama. Alipanda nao kila asubuhi ndani ya mtungi, ukanda umembana kwenye paji la uso mpaka ukamwachia kibonde. Nilipokuwa mdogo nilidhani akina mama wote huzaliwa nacho.

Basi ukaja mradi wa maji. Wanakijiji walikubaliana kuyaleta kwa mabomba kutoka msituni, yateremke yenyewe bila pampu. Kila boma lilipewa kipande chake cha mtaro lichimbe. Chetu alichimba mama. Baba alikuwa kwenye kamati, na kamati, jameni, haichimbi.

Likabaki suala la tangi. Fundi alizunguka na vipimo vyake, akafika sehemu ya juu ya shamba letu, akasema ni hapa. Alihitaji kipande kidogo tu, mahali pa kufunga ng'ombe wawili. Baba alimtazama kama mtu aliyeombwa figo.

"Shamba la baba yangu halikatwi."

"Mzee, ni la tangi tu."

"Hata kama ni la malaika."

Huku kwetu mtu atakupa mbuzi, atakupa binti, atakupa hata kura yake. Udongo hakupi ng'o. Kamati nzima ilimwelewa, maana kila mmoja angejibu vivyo hivyo. Kanisa ndilo lililotoa kiwanja, nacho kiko chini kidogo ya kwetu. Mama alipata habari akiwa ndani ya mtaro, jembe mkononi. Aliendelea kuchimba.

Fundi alijaribu kumwonya baba. "Mzee, hii maji haitapanda kwako. Tangi iko chini ya mlango wako."

"Imetoka kule juu mlimani ikafika hapa," baba akamjibu. "Sasa ishindwe na kakilima kangu?"

Akadai bomba lipandishwe hadi uani na mfereji wenye koki ufungwe pale, kwa sababu yeye ni kamati. Ukafungwa. Siku ya ufunguzi padre alibariki, mheshimiwa akahutubia mpaka chai ikapoa, halafu mifereji ya watu wa chini ikafoka maji na watoto wakaloa chepechepe. Wetu ulikohoa, ukatema buibui, ukanyamaza.

"Yako njiani," baba akasema. Kesho yake alinunua kufuli akaufunga, majirani wasije wakaiba. Waibe nini? Upepo?

Fundi alimwonea mama huruma, akamwachia mfereji mwingine chini kabisa ya shamba, kwenye migomba. Huo ulikuwa na maji ya nguvu. Lakini shamba letu ni mteremko mtupu, na mama aliendelea kupanda na mtungi vilevile. Shingo ikaanza kumuuma. Ikafika mahali hawezi kugeuza kichwa bila kugeuka mwili mzima. Alimwomba baba tuhamie chini.

"Mwanamume hahamishwi na maji," baba akasema, kisha akaitisha maji ya kunywa. Haki ya Mungu, siku hiyo nilimchukia.

Kitu kimoja baba alikisahau. Nyumba ni ya mzee, lakini jiko ni la mama. Letu lilikuwa kibanda cha mbao kilichosimama peke yake uani. Mama alipika humo, akampelekea baba chakula nyumbani kwake, na baba hakuwahi kuuliza kimefikaje.

Siku moja baba alienda mkutanoni, kamati tena. Wanawake wa chama cha mama cha kusaidiana wakaja, wakang'oa nguzo, wakalitia jiko zima mabegani, paa na yote, wakateremka nalo wakiimba hadi kwenye migomba. Mama mwenyewe alibeba mafiga, yale mawe matatu, maana yalipo ndipo boma lilipo. Mimi nilibeba sufuria na furaha yangu.

Jioni baba alirudi akakuta majivu uani. Akasimama ukingoni, akaita.

"Mama watoto! Chakula kiko wapi?"

"Kiko huku, mzee," mama akajibu akikoroga githeri, mahindi na maharagwe yake.

"Si ulete?"

"Nacho hakipandi mlima."

Wanawake wa chama walishika midomo. Harufu ya githeri ilipanda yenyewe bila kuombwa. Mwishowe tukamwona baba akiteremka, kigoda mkononi, koti la mkutano bado mwilini, akijifanya anakagua migomba.

Aliketi, akaomba maji ya kunawa. Mama alimwonyesha mfereji kwa mwiko, hakuinuka. Baba akaufungua, maji yakamrukia mpaka kwenye koti, naye akaondoa mikono haraka.

"Kumbe ni baridi hivi!"

Mama akageuka, mwili mzima, ili amwone vizuri.

"Ni baridi, mzee," akasema. "Mgongo wangu unajua."