Antimakasa ya Mama

Harufu ya wanga wa muhogo ukipigwa pasi ya makaa, ile ya uji unaotaka kuungua, hunirudisha kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, miaka ya hamsini, kabla sijawa huyu bibi wa kukaa ndani ambaye akifika Section 58, mtaa wa pili tu, anaona amesafiri.

Mama alifuma vitambaa kwa krosheti. Alifundishwa katika klabu ya akina mama, na memsahibu mmoja mwenye shamba huko Rongai. Kile cha kutandika kwenye mgongo wa kiti, mahali pa kichwa, memsahibu alikiita antimakasa. Sisi watoto tulilipenda neno hilo, tukawa tunatukanana nalo: "Toka hapa, antimakasa wewe!"

Basi memsahibu akatangaza kwamba atapita nyumba kwa nyumba, na mwenye antimakasa safi kuliko zote atapewa birika la enameli. Kwetu chai ilichemshwa kwenye mkebe uliotoboka na kuzibwa kwa sabuni. Mama alilitamani lile birika hadi akaliota.

Kiti chenye mgongo tulikuwa nacho kimoja, cha baba, ambaye alichochea makaa kwenye gari la moshi na nyumbani alipita tu kama mgeni. Siku yenyewe mama alimtangulia jogoo. Alipalilia, akateka maji, akasugua sakafu, akajipaka mafuta ya nazi ya Waswahili wa Bondeni, akatandika kitambaa chake.

"Nekesa, kaa hapo mlangoni," akaniambia. "Mtu yeyote asiguse kiti hiki. Hata awe baba yako."

Nikakaa. Hakusema kama yeye mwenyewe alihesabiwa katika huyo "mtu yeyote". Nilipogeuka alikuwa ameketi kitini, kichwa kimeegemea, leso imemteleza, anakoroma.

Nawaambia ninyi tu: sikuwa nimewahi kumwona mama amelala jua likiwa juu. Nikabaki namtazama, kinywa wazi kama chake. Ndivyo alivyotukuta memsahibu, na nyuma yake Mama Raeli, jirani yetu.

"Ee, Mama Nekesa!" Mama Raeli akacheka. "Hata usingizi umeuingiza mashindanoni?"

Mama akaruka. Pale kichwa kilipolala pamebaki duara la mafuta.

Memsahibu akaligusa kwa kidole, akatueleza kwa Kiswahili chake cha shambani: "Zamani, Ulaya, bwana napaka kichwa mafuta, natoka mbali, Makasa. Kiti naharibika. Bibi nachoka kusugua, natengeneza hii, nazuia mafuta ya Makasa." Akatikisa kichwa. "Lakini hii iko chafu."

Birika likaenda kwa Mama Raeli. Kitambaa chake kilikuwa cheupe pepepe, kimetandikwa juu ya boksi la sabuni, wala hakuna kichwa kilichowahi kukikaribia.

Jioni mama alikifua chake, akakitia wanga, akakipiga pasi, amesimama. Miaka mingi alinitania: "Mlinzi wangu huyu! Alilinda usingizi, akaacha kiti." Nami nilicheka, nikijua tumeshindwa.

Sasa magoti yangu yamegoma, kutwa nimeegemea kiti kile kile, na mambo yananifikia polepole. Kati ya antimakasa zote za landhi, ni ya mama peke yake iliyofanya kazi yake. Na katika utoto wangu wote, ndiyo mara moja tu niliyomwona ameegemea kitu.

Birika lingetoboka tu. Afadhali alilala.