Siku Baba Alipoonekana kwenye Televisheni

Kengele ya shule ninayofundisha, huku Morotonga, ni kipande cha reli. Kimening'inizwa kwa waya kwenye tawi la mti, na muda ukifika mwanafunzi wa zamu anakigonga kwa nati kubwa ya trekta mpaka mbwa wa majirani wanaanza kulalamika. Kilifikaje hapo, hakuna ajuaye. Serengeti nzima haina reli, Tarime haina, na mtu wa kwetu akitaka kuona treni inabidi apande basi mpaka Mwanza. Lakini kipande tunacho, na ndicho kinachotuingiza darasani kila asubuhi.

Baba yangu alipokuja kunitembelea hapo shuleni mara ya kwanza, hakutaka kuona ofisi wala madarasa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile chuma, akakipapasa kama anayekagua ng'ombe mnadani, akavua kofia. "Hiki kimebeba watu," akasema. Walimu wenzangu wakanyamaza kwa heshima, wakidhani anasali. Mimi nikatafuta pa kujificha, kwa sababu nilijua kinachofuata. Kikafuata kweli. Akawapa hadithi ya Nairobi tangu mwanzo, chai ikapoa, na wanafunzi wa darasa la nne wakapata mapumziko marefu kuliko walivyostahili.

Baba alivuka mpaka wa Sirari akiwa kijana, akaenda Nairobi akapata kazi kwenye reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika akarudi kwetu Turwa, Tarime, na sanduku la bati, koti zito lisilofaa kwa jua letu, na filimbi. Nilikuwa mdogo sana, kwa hiyo ninachokumbuka si kurudi kwake. Nakumbuka filimbi. Nyumbani kwetu hapakuwa na kwenda mtoni; palikuwa na kuondoka stesheni. Jiko la mama lilikuwa stesheni kuu. Zizi lilikuwa stesheni ya mizigo. Tukijipanga na ndoo zetu vichwani, mkubwa mbele na mdogo nyuma, baba alipuliza filimbi na ole wake aliyeanza kutembea kabla. Watoto wa majirani waliomba kuwa mabehewa. Sijui ni mzazi gani mwingine Tarime nzima aliyefanya watoto wagombanie kwenda kuchota maji.

Sisi ambao hatujawahi kuiona treni tulielezwa kwa lugha ya nyumbani. "Chukua boma zima," alituambia, "na watu wake, na magodoro, na kuku. Halafu mpe ng'ombe mmoja avute, naye asiteme hata mate." Alituimbia majina ya vituo vya mjini, jinsi asubuhi treni ilivyoleta makarani wenye viatu vinavyong'aa na jioni ikawarudisha wamelegea. Nikakua na hamu ya mahali nisipowahi kukanyaga. Mpaka leo nikisikia harufu ya makaa naikumbuka Nairobi ya baba, mji ambao nadhani haukuwahi kuwa mzuri kiasi hicho.

Jambo moja lilikuwa la ajabu. Baba alifagia uwanja. Mwanaume wa Kikurya, mwenye ng'ombe na mke na mabinti, kila alfajiri alishika ufagio. Tena hakuinama kama sisi. Aliufunga kwenye mpini mrefu, akaanza ukingo mmoja wa uwanja akaenda mpaka mwingine kwa mstari ulionyooka. Wapita njia walicheka. Mama, Mungu amrehemu, alisema tu, "Mwacheni. Anajua kufagia kuliko mimi," na akaingia jikoni. Baba mwenyewe alisema mjini alizoea usafi.

Aliyecheka kuliko wote ni rika mwenzake, aliyetahiriwa naye msimu mmoja na kuchunga naye ng'ombe tangu wakiwa wadogo. Hatuna undugu wa damu, lakini tumemwita baba mdogo maisha yetu yote. Yeye Kenya aliijua kwa kuuza ng'ombe Sirari na kurudi siku hiyo hiyo. Hilo halikumzuia kuwa bingwa wa mambo ya Nairobi.

Baba alidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiruhusu treni kuondoka. Alisimama na bendera ya kijani, akapuliza filimbi, na injini yote ile ikamtii. Na alidai zaidi: kwamba siku moja watu wa televisheni walikuja na mashine yao stesheni, wakampiga picha akiwa kazini.

"Mura," baba mdogo alimjibu kila mara, kama Wakurya tunavyomwita kijana, "wewe ulikuwa unauza karanga nje ya stesheni. Filimbi uliiokota."

Hayo yaliendelea miaka yote, juu ya vikombe vya uji, kwenye harusi, hata msibani. Rika huruhusiwa kutukanana, na sisi watoto tulijua ni utani. Lakini utani nao una mwiba. Macho ya baba yalipoanza kuzibwa na mtoto wa jicho, na fimbo yake ikageuka ya kupapasia njia, niliona ule wa karanga haumchekeshi tena. Siku moja nilimkuta peke yake barazani. Akaniambia, "Nikifa, huyu ndiye atakayesimama kunisemea, kwa sababu ndiye rika langu. Atasema nini mbele ya watu? Kwamba niliuza karanga?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Basi nikakasirika, maana mimi nikishindwa kumsaidia mtu hukasirika kwanza ndipo nifikiri. Nikamwambia aache kuzungumzia kufa na anywe dawa zake.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa kuona haya. Nilianza kutafuta picha za zamani kwenye simu. Kuna watu huko mitandaoni ambao kazi yao ni kufufua filamu za televisheni za kale: barabara zisizo na magari, akina mama waliofunga vitambaa kichwani, wanaume wote na kofia. Nilikaa nazo jioni baada ya jioni, nikisahihisha madaftari kwa jicho moja. Niliona matangazo ya sabuni, mechi za mpira zisizo na rangi, na treni, treni nyingi mno. Chini yake Wakenya waliandika vile nairobi ilikuwa poa siku hizo na vile wazee wao walienda job na train. Niliwaonea wivu. Wao walimtaja mzee na kila mtu akaamini.

Kisha nikaipata filamu niliyoitafuta. Fupi, nyeusi na nyeupe, imejaa mikwaruzo. Stesheni ya mjini Nairobi, asubuhi, watu wanashuka. Sikumtambua baba. Nyuso zote zilikuwa ukungu. Lakini palikuwa na mwenye bendera.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Turwa. Nilimwita baba mdogo kabla hata sijaweka mkoba chini.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa tunaitwa kwenye sinema."

Nikaondoa kitambaa cha kufuma juu ya televisheni, nikahangaika na waya wa kuunganisha simu mpaka jasho likanitoka. Baba alikaa kwenye kiti chake amevaa lile koti zito. Nilijua kwa nini amelivaa na sikusema kitu. Kwake kioo kile kilikuwa mwanga tu, lakini alikigeuzia uso wote.

Picha ikaanza. Kwanza ikaja sauti: chuma juu ya chuma, mvuke, kelele za watu. Mikono ya baba ikashika magoti. "Hiyo inaingia," akasema. "Sikilizeni breki. Hiyo inaingia."

Watu wakashuka. Mwenye bendera akajitokeza katikati ya kioo. Lilikuwa jitu refu, pana, lenye tumbo lililotangulia koti. Baba yangu hajawahi kunizidi urefu tangu nikiwa darasa la saba, na tumbo hakuwahi kulipata hata alipolitafuta. Niliona baba mdogo akivuta pumzi. Alikuwa ameisubiri siku hii nusu ya maisha yake, na mimi, kwa ujinga wangu wa kusoma, ndiye niliyemletea mpaka mlangoni.

Lakini hakusema. Alikuwa ameinama mbele. Akainuka, akakisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kugusa, akasema, "Rudisha, mwanangu."

Nikarudisha. Akaweka kidole pembeni kabisa mwa picha, nyuma ya watu, karibu na nguzo. Akanitazama mimi.

Palikuwa na kijana mfupi amesimama. Alikuwa na ufagio wa mpini mrefu. Alikuwa ameulaza nyuma ya shingo, juu ya mabega, mikono yote miwili ikining'inia juu yake, na mguu mmoja ameuegemeza kwenye goti la mwingine. Hakuna mtu wa mjini anayesimama hivyo. Hivyo husimama mtu aliyekulia machungani, ng'ombe wakiwa wametulia na mto ukiwa mbali. Uso haukuonekana, na haukuhitajika. Baba mdogo alikuwa amesimama kando ya mkao ule utoto wake wote. Na mimi nilikuwa nimeuona kila alfajiri, uwanja ukishakuwa safi, kabla jua halijapanda.

Treni ikaondoka kwenye kioo, yule kijana akabaki, akateremsha mguu, akaanza kufagia kwa mstari ulionyooka.

"Mura," baba akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umeniona?"

Baba mdogo akarudi kwenye kiti chake taratibu. Akakaa. Akapangusa mdomo ingawa hakuwa amekunywa kitu.

"Nimekuona," akasema. "Bendera umeishika vizuri. Umepuliza filimbi, na treni ikaenda."

Mtu yule alimwita baba yangu mwongo tangu sijaota meno, na sasa ndiye aliyekuwa akidanganya, tena bila kupepesa macho. Nilitamani kumkumbatia. Kwetu binti hamkumbatii mzee, basi nikaenda kumwongezea chai.

Baba alikuwa bado amekigeuzia kioo uso. Nilidhani ameridhika. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za jirani, "Na yule mwenye ufagio, pale kwenye nguzo? Naye anaonekana?"

Nikaweka birika chini.

"Anaonekana," baba mdogo akajibu.

"Anafanya nini?"

"Amesimama. Ameweka ufagio mabegani kama fimbo. Mguu mmoja juu."

Baba akaanza kucheka. Alicheka kutoka chini kabisa, koti zito likitikisika, machozi yakimtoka kwenye macho yale yasiyoona. "Mjinga yule," akasema. "Msimamizi alimkemea mpaka akachoka. Alimwambia, hapa si malishoni. Hakusikia." Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Lakini alifagia vizuri. Watu walishuka pasafi."

"Pasafi kabisa," baba mdogo akasema. "Nimepaona."

Nje jogoo aliwika ovyo, kama kawaida ya jogoo wetu. Niliketi sakafuni kati ya viti vyao kama nilivyoketi utotoni, mwalimu mzima na miwani yangu, nikangoja.

"Siku ile utakaposimama kunisemea," baba akasema mwishowe, "mtaje na yule."

Baba mdogo alichukua kikombe chake, akapuliza chai, akanywa funda moja.

"Nitaanza na yeye," akasema, kisha akaniambia nirudishe picha mwanzo, polepole, ili amsimulie mwenzake vizuri.