Kipindi cha Tano

Msimu mzima ulikuwa na vipindi vinane, na saba kati ya hivyo vilikuwa upuuzi mtupu. Nasema hivyo bila kumwonea mtu. Kikundi cha maigizo cha hapa kwetu Ruashi kilitengeneza mfululizo wa kutisha kwa ajili ya televisheni moja ya mjini, kila kipindi na kisa chake, watu wake na vifo vyake. Katika cha kwanza, mizimu ya wachimbaji ilitoka shimoni imepakwa unga wa mihogo, na mmoja akapiga chafya. Katika cha tatu kulikuwa na joka la mpira ambalo kamba yake ilionekana wazi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mama yangu alicheka kuliko sisi wote.

Cha tano kilikuwa chake. Mama alikuwa akiigiza tangu usichana wake, katika michezo ya Pasaka ya parokia, na kikundi kikampa nafasi ya bibi mlozi. Walitaka kumpaka unga na yeye. Akakataa. Aliketi tu kwenye kigoda uani, akichambua maharagwe na kuwaita wajukuu waje kula, kila mmoja kwa jina, kwa sauti ileile anayotuitia sisi nyumbani. Kila alipoita, walikuja wamepungua mmoja, naye hakushangaa. Aliondoa sahani moja, akaendelea. Basi. Hakuna damu, hakuna joka. Kilipokwisha, sebuleni kwetu hakuna aliyecheka. Nilimwonea mama fahari sana, na usiku ule nililala taa ikiwaka.

Wiki tatu baadaye mtoto wa jirani, tunayepakana naye ukuta, alifariki kwa homa. Alikuwa na miaka miwili. Mama alimpenda, alizoea kumwita ampe karanga. Kule kwenye kilio mwanamke mmoja akasema alimsikia mama akimwita yule mtoto kwa jina, siku moja kabla hajaanza kuumwa. Ilikuwa kweli. Alimwita siku ile kama siku zote.

Kuanzia hapo wanawake wa jumuiya ya parokia hawakuja tena kwetu kusali zamu yetu ilipofika. Wenye watoto waliwavuta ndani mama akipita. Kisha mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati. Nilimpeleka binti yangu wa miaka mitatu kwa wifi yangu kule Kipushi, nikamwambia mama ni kwa sababu ya mawe.

Baba wa yule mtoto alikuja mwenyewe, mchana, kofia mkononi.

— Mama, mi sina kintu na weye, alisema. Lakini bajeunes, vijana ba huku, banasema njo weye uliua mutoto. Siku ya kumaliza kilio ikifika, utoke mu avenue, uhame mtaa wetu. Kama hapana, batachoma nyumba, na mi sitabaweza.

— Mwanangu, ile ya televisheni ilikuwa komedi.

— Zile zingine zote zilikuwa komedi, mama. Ya weye, hapana.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Nyumba ile marehemu baba yangu aliijenga kwa mikono yake, na mama hakuwa na pengine pa kuzeekea. Nilimkimbilia padri, alikuja, akasali, akaondoka. Nilimkimbilia mkuu wa kikundi, nikampigia magoti nikimsihi awatangazie watu kwamba ni mchezo tu. Akaahidi. Alichofanya ni kuonyesha kipindi kile mara ya pili, na maandishi mwanzoni kwamba hii ni hadithi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima, umeme haukukatika hata dakika moja. Waliokuwa wamesikia tu sasa wakaona kwa macho yao.

Nilikata tamaa kabisa. Nikamfokea mama, Mungu anisamehe, kwa nini hakukubali kupakwa unga kama wenzake. Ndipo wazo likanijia: aigize tena, mbele ya mtaa mzima, na aigize vibaya.

— Unataka nicheze mubaya, alisema.

— Mubaya sana, mama.

— Sijui kama nitaweza.

Hakuwa akitania.

Jumamosi alasiri watu walijaa kwenye lupango, uani kwa mkuu wa avenue. Nilimpaka mama unga kwa mikono yangu. Akaanza. Alitoa macho, akainua vidole kama makucha, akasahau maneno, akajikwaa kwenye kitenge chake, akawaita wajukuu kwa sauti ya mbuzi. Nikatazama lango, nikipima tutakavyokimbia. Kisha mwanamke mmoja akacheka, na mwingine, na mwishowe lupango mzima. Baba wa yule mtoto alicheka mpaka machozi, na machozi yakageuka kuwa kilio kweli.

— Kumbe iko mucheza komedi tu, alisema. Mutusamehe, mama.

Mimi sikucheka. Mimi tu nilijua kazi iliyokuwa ndani ya ubaya ule, kila kujikwaa mahali pake, kila neno lililosahauliwa kwa wakati wake. Nikajiuliza ni nini kingine ambacho mtu wa namna hiyo anaweza kutuaminisha. Nalichukia wazo hilo mpaka leo, lakini lilikuja, na lilikuja kwangu.

Nyumbani mama aliinama juu ya beseni akinawa uso.

— Sasa mutoto wako atarudia hapa nyumbani, alisema.

— Tungoje kidogo, mama.

Aliacha kunawa. Maji meupe yalimtiririka shingoni.

— Sababu ya mawe?

— Ndiyo, sababu ya mawe.

Hakuna jiwe lililoanguka tena juu ya bati letu. Kila jioni aliniuliza mtoto anarudi lini, na kila jioni nilipata sababu: nauli, kikohozi, mvua. Kisha akaacha kuuliza. Mwezi wa pili baada ya mchezo ule aliniambia anakwenda kukaa kwa dada yake Kambove, katika chumba kimoja. Sikumzuia. Majirani walimbebea godoro mpaka kwenye gari, na baba wa yule mtoto akamshika mikono yote miwili, akimsihi abaki. Mimi nilikuwa nimeshafungua mlango wa gari.