Kumbatio la Fundi

Mama yangu ni fundi cherehani, na mikono yake haijui kutulia. Nikimwendesha kwenda kumwona dada yake mkubwa, safari ya kutwa nzima, hupakata mkoba huku vidole vikipapasa mshono wa kiti cha gari. "Aliyeshona hapa alikuwa na haraka zake," husema. Ndani ya mkoba huwa mna gauni jipya la Mama Mkubwa, mbavuni limepigwa bandi tu, kwa uzi wa muda. Tukifika, humkumbatia dada yake mpaka watu wakatazamana. Wao hudhani ni hamu. Mimi naijua ile mikono: inapima.

Safari hii alipomwachia, aliomba kwenda chooni na mkoba wake. Alikawia. Aliporudi, gauni lilikuwa tayari. Mama Mkubwa akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, likamkaa kama amezaliwa nalo.

"Mnaona? Halafu kuna watu wanasema nimekwisha!"

"Nani huyo asiye na haya?" mama akauliza. "Vipimo vyako ni vilevile, dada."

Nikasimama pale kifua mbele, utadhani nimelishona mimi. Wakati wa kuagana, Mama Mkubwa alinyoosha mkono ambebee mdogo wake mkoba hadi garini. Mama akaubana kwapani upesi, na ndani hamkuwa na kitu ila vipande vya kitambaa alivyokata mbavuni mwa gauni kule chooni.

"Uache tu, dada," alisema. "Huu mzito."