Mjomba na Rasta Nyekundu

Jumapili alasiri nilikuwa saluni, Kimara, nangoja zamu yangu. Kwenye televisheni ilikuwa inaonyeshwa filamu ya kuchekesha: mjomba asiyejali kaachiwa watoto wa dada yake, asubuhi kawapa soda badala ya uji. Tulicheka mpaka machozi.

Akaingia mwanaume kamshika mkono binti wa miaka kama sita, kichwa kizima rasta nyekundu.

"Sista, jana mlimsuka hapa," akamwambia msusi. "Dada yangu kasafiri, kaniachia. Mtoto kaomba nyekundu, nikakubali. Kumbe shule wanataka msuko wa twende kilioni, wa nywele zake mwenyewe. Kesho watamrudisha!"

"Mie nina wateja wanne, braza. Fumua mwenyewe, ukimaliza namsuka."

Nikajua ataondoka. Akaketi mkekani, akampakata mtoto, akaomba kitana, akaanza kufumua. Kwenye filamu mjomba akaunguza sufuria, saluni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakuinua hata macho.

"Anko, unaniumiza."

"Pole, mama." Akapuliza pale panapouma, akaendelea polepole.

Msusi akamtania, akionyesha televisheni kwa kidole. "Umemwona mwenzio?"

"Huyo ana afadhali. Shida zake zinaisha baada ya saa moja na nusu."

Filamu ikaisha kweli. Ila msiniulize yule mjomba wa kwenye televisheni aliishia wapi, maana sikuona. Wakati huo wateja wote wanne tulikuwa mkekani, tunafumua.