Makaa Yasiyo na Moshi

Kwaru, kwaru, kwaru. Kisu cha jikoni kikisukuma matambara kwenye nyufa za mlango. Hadi leo nikikaa kimya nausikia mlio ule. Aliyeshika kisu ni mama mkwe wa dada yangu, na aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi makubwa, kama mtu anayeshona nguo ya sikukuu.

Dada alikuwa amejifungua mtoto wa kike, kadogo, kekundu, nywele tele. Mimi nilitumwa kutoka Jinja kuja Mbale kumsaidia kufua na kupika, na nilikuja nikiimba njia nzima. Kichwani nilishakuwa na saluni yangu, yenye kioo kutoka sakafuni hadi darini, na huyu mtoto ndiye angekuwa mteja wangu wa kwanza. Nywele zile zote!

Dada na mumewe walipanga chumba kimoja pale Namakwekwe, chenye dirisha moja, nalo limefungwa. Mvua ilikuwa imeshuka kutoka mlimani tangu asubuhi, na baridi ya Mbale si ya Jinja. Kwa kina mumewe mzazi na kichanga hukaa ndani karibu na moto, wasipigwe na upepo, na anayekitawala chumba hicho ni mama mkwe. Mimi nani, dada mdogo wa mke, niseme neno?

Nililisema hivyo hivyo, kwa kuzungukazunguka. "Mama, kwetu sigiri ya makaa haivuki kizingiti. Mama yetu hataki kabisa."

"Kwenu kuna joto," akanijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hapa baridi inakula mtoto. Tena angalia mwenyewe, moshi iko wapi?"

Kweli, moshi haukuwapo. Alikuwa ameyawasha makaa barazani, akayapepea mpaka yote yakawa mekundu, halipo jeusi hata moja, ndipo akaiingiza sigiri na kuiweka miguuni pa kitanda. Na mimi nilichojua ni kwamba ubaya wa sigiri ni moshi. Nikakaa kwenye mkeka, nikamenya ndizi.

Dada ndiye aliyeanza. "Kichwa kinanigonga."

"Damu ya uzazi hiyo. Kunywa uji."

Alikunywa kidogo, akaacha. Punde na mimi nikasikia nyundo kwenye paji la uso. Nikatoka kukinga maji ya mvua chini ya mabati, maumivu yakalegea. Nikaingia, yakarudi. Nikatoka tena nikisingizia kutupa maganda, yakalegea tena. Kama kichwa changu kinajua mlango uko wapi, basi ugonjwa haumo kichwani.

"Wee msichana!" mama mkwe akafoka akiyarudisha matambara kwa kisu. "Kila saa unaleta upepo. Unacheza ngoma na hiyo mlango?"

Nikamtazama dada. Macho nusu wazi. Nikamwita kwa jina letu la utotoni, lile la kumchokoza, ambalo akilisikia lazima akurushie kiatu. Hakurusha kitu. Midomo ilisogea tu. Mtoto alikuwa kwenye titi lakini hanyonyi, kinywa kimelegea, maziwa yanamtiririka shavuni.

Nikamnyanyua.

"Unapeleka wapi?"

"Nje, mama."

"Kwa mvua? Utaniulia mjukuu! Rudisha!"

Akashika blanketi upande wa pili. Tukavutana, yeye analia, mimi nalia, na mtoto katikati hana habari. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote: kelele zote zile, naye hashtuki. Nikajigeuza kwa nguvu, nikausukuma mlango kwa bega, matambara yakaachia.

Mama mkwe alitaka kunifuata. Magoti yakamkatalia. Alikaa chini puu, akaiangalia miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mbona na mimi?" akasema polepole. "Mimi sikuzaa."

Hapo hakubishana tena. Alitambaa akashika pembe moja ya mkeka, mimi nikarudi nimemkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, tukamshusha dada juu yake na kumburuta mpaka barazani. Manyunyu yakampiga usoni, akatapika, akafungua macho. Lakini mtoto bado. Nikamsugua nyayo, nikampulizia usoni, nikawa namwambia lolote linalonijia. "Amka basi, mteja wangu. Nitakusuka bure." Kimya. Halafu akakunja uso, akatoa sauti moja ya hasira, na nyingine, na mama mkwe akapiga kigelegele ambacho kilikatikia njiani kikawa kilio.

Jirani mwenye pikapu akawakimbiza wote watatu kliniki. Mimi nikabaki. Niliitoa sigiri nikayaacha makaa yafe mvuani, nikafungua dirisha, nikachomoa matambara hata yale ya juu kabisa.

Kabla ya jua kuchwa jirani alirudi na habari. Wanapumua vizuri, kesho watarudi. Muuguzi amesema makaa yakiwaka ndani hutoa hewa yenye sumu, haina harufu, haionekani. Mekundu au meusi, ni yale yale. "Na mama mkwe anasema chumba ukiandae wewe, vile unavyojua."

Vile ninavyojua! Asubuhi, kabla hawajafika, niliingia peke yangu. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikalaza shavu pale ambapo mtoto angelazwa, nikavuta pumzi polepole, na kungoja kichwa changu kiseme.