Kissa Anavyoupima Mji wa Tukuyu Akiwa Xintang

Tukuyu si mji wa kujisifia, na anayesema hivyo ni Kissa mwenyewe, aliyezaliwa huko. Barabara ya lami ya maana ni moja. Chini kuna stendi, juu kuna boma la Wajerumani, katikati kuna maduka, benki, bucha ya Maulid na matope. Mvua inanyesha mpaka jua likitoka watu wanalitilia mashaka. Lakini ni makao makuu ya wilaya, kwa hiyo mkulima wa ndizi akigombana na jirani yake lazima apande mpaka pale wakagombane kisheria. Akishindwa kesi ananunua sweta, anateremka nalo nyumbani.

"Ndiyo biashara ya kwetu," Kissa hupenda kutuambia. "Kesi na baridi."

Huu ni mwaka wa sita Kissa yuko huku Guangzhou, China, ana chumba karibu na soko la nguo la Liuhua, ananunua nguo na kuzituma kwa mdogo wake Evaline mwenye duka palepale mjini. Hajarudi hata mara moja. Kila mwaka anasema mwaka ujao, na sisi kila mwaka tunamwitikia.

Sasa, sisi wengine tukienda kuchukua jinzi tunachukua kwa pakiti. Pakiti ina saizi mchanganyiko, na ukishaituma unamwomba Mungu viuno vya mji wako vifanane na vya pakiti. Kissa hafanyi hivyo. Anakwenda Xintang, mji wa jinzi jirani na Guangzhou, kwa Mama Liang, mwenye karakana ya vyerehani kumi na viwili, anakaa kwenye stuli, anafumba macho, halafu anatembea Tukuyu.

"Stendi," anasema. "Wapiga debe, kiuno ishirini na nane, wale wanakula kelele tu. Benki, meneja, thelathini na nane na bado anaongezeka. Bucha, Maulid, arobaini, nyama anaionja mwenyewe."

Anapanda hivyohivyo mlango kwa mlango mpaka bomani, na Mama Liang anaandika. Wanaelewana kwa vidole, kwa simu ya kutafsiri na kwa yale maneno matano matano kila mmoja aliyoiba kwa mwenzake. Nimecheka sana kazi hiyo. Halafu mzigo wake ukifika Tukuyu unaisha, huku wangu umekaa ghalani unanisubiri niufikirie.

Jicho hilo alilipata kwa Mzee Erastus, fundi aliyekuwa na cherehani barazani mkabala na boma. Erastus alikuwa hashiki futi. Alisema mtu anaweza kubana tumbo mbele ya futi, lakini hakuna anayekumbuka kubana tumbo akivuka mfereji. Na Tukuyu, kwa mvua zile, mfereji uko mbele ya kila mlango. Kissa alikaa kwake miaka minne akiwa binti, mchana wanashona, jioni wanakwenda wote kwaya, mzee anaimba besi, yeye alto. Kuna watu wana baba wawili, na Kissa ni mmoja wao.

Basi mwaka huu kwaya ikatimiza miaka hamsini. Wakataka sare mpya za jubilei, na wakataka za jinzi nzito ya bluu, makoti kwa wote, sketi kwa kina mama. Mchungaji aliuliza kama jinzi inaingia madhabahuni. Wakamjibu kwamba baridi inaingia.

Katibu wao, Mama Benedicta, akamtumia Kissa orodha ya watu arobaini na wanne na saizi zao. Kissa akaisoma mbele yetu, nusura aanguke.

"Mama Benedicta kajiandikia thelathini na mbili," alisema. "Thelathini na mbili ilikuwa shingo."

Kina mama wote walikuwa wamejipunguza, na wanaume wawili wamejiongeza mabega. Akaiweka pembeni, akataka kuwashona kwa kumbukumbu. Mama Liang ndiye aliyemkwamisha. Aliongea kwenye simu, simu ikauliza kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika: hawa watu, mara ya mwisho umewaona lini?

Kissa akaichukua tena orodha. Jubilei ilikuwa imebaki wiki tatu, wilaya nzima inakuja, na nguo ikishakatwa haiombwi msamaha. "Ikimkataa hata mtu mmoja," alituambia njiani kurudi, "watasema Kissa katusahau mpaka miili yetu. Na watakuwa wamesema kweli."

Akapanga na Evaline. Jumatano, saa tisa mchana huku, kule saa nne asubuhi, Evaline atatembea mji mzima ameshika simu ya video, na wanakwaya wasimame milangoni mwao wavuke mfereji mmoja mmoja. Mimi na Odette, mama mmoja wa Lubumbashi anayechukua jinzi palepale, tulikuwa tumekwenda kuangalia mizigo yetu. Tukajikuta tunatazama sinema.

Nawaambia, kwa nusu saa ile nilipajua Tukuyu kuliko kwetu. Watu walisimama na miamvuli kama wanamngoja waziri. Meneja wa benki hayumo kwaya, naye akavuka. Mama Benedicta alivuka mzimamzima, kifua mbele kama askari, akaangalia kamera, akasalimia Kinyakyusa.

"Ugonile, mwanangu. Umeona?"

"Nimeona, mama," Kissa akajibu, halafu akamnong'oneza Mama Liang asiandike kwanza.

Walipokaribia boma, Evaline akavuka barabara kwenda upande wa pili.

"Mbona umevuka?" Kissa akauliza.

"Kuna matope, dada."

"Mtu wa Tukuyu kaanza lini kukwepa matope? Rudi barazani kwa mzee. Kajiandikia thelathini na sita, nataka nimwone."

Simu ikaangalia chini, tukawa tunaona mabuti yake ya mvua tu. Kisha akauliza, taratibu:

"Dada, hapo upo na nani?"

Mtu wa kwetu akiulizwa hivyo haulizwi ili ataje majina. Odette alishamshika bega. Mimi nikasogea karibu na simu, nikasema yupo na sisi, tupo wawili.

Evaline ndipo akasema. Mzee Erastus alifariki mwezi wa pili, kifua kilimbana siku nne tu. Ilikuwa imepita miezi mitano.

Mnajua ilivyo. Aliye mbali hapewi msiba akiwa peke yake chumbani. Wakasema wangoje apatikane mtu wa kukaa naye. Wakangoja, kila mmoja akidhani mwenzake anatafuta njia, miezi ikaenda. Mama Benedicta alipokuja kuandika orodha ya sare akaona pengo la Erastus litaongea lenyewe. Basi akamwandika, na kiuno akampa. Kwaya ina watu arobaini na watatu, sare zikaagizwa arobaini na nne.

Vyerehani vilinyamaza kimoja kimoja. Mama Liang hakuelewa neno, lakini uso hautafsiriwi. Akaleta maji ya moto kwenye kikombe, ndiyo dawa yao ya kila kitu, akamwekea Kissa mkononi.

Kissa alilia. Odette akamwacha alie, akisema kwa sauti ya chini, "Lia, maman, tuko hapa." Baadaye sana akajifuta, akaiinua simu. Swali lake la kwanza sikulitegemea.

"Maulid anajua?"

"Maulid alikuwa mbele kwenye jeneza," Evaline akasema.

"Maulid huyu wa bucha? Ananipigia kila Jumapili."

"Akikata simu anaingia nyuma ya bucha analia. Wateja tumezoea kusubiri."

Kissa akatazama ile simu. Nyuma ya Evaline watu walikuwa wamejaa, nusu ya barabara, na miamvuli yao, wameinamisha vichwa kama watoto waliovunja mtungi.

"Mji ule hauwezi kuficha hata mimba ya mbuzi," alituambia, machozi yanaendelea kumtoka huku anacheka. "Miezi mitano. Watu wote wale. Kwa ajili yangu." Kisha akawageukia wao, akawaambia kwa lugha yao, "Ndaga," yaani asanteni, na wakaitikia wote, na mvua ikawa inasikika.

Mama Benedicta akaichukua simu. "Tusamehe, mwanangu. Ile ya Erastus ifute."

"Besi anaimba nani sasa?"

"Vedasto. Anajaribu."

"Vedasto kaandikwa sauti ya tena. Sauti hiyo kabaki nani?"

"Hakuna. Tumembeba Vedasto tukamweka besi hivyo hivyo."

"Basi mleteni avuke."

Vedasto akavuka, mrefu mwembamba kama mgomba uliokosa mbolea. Kissa akamtajia Mama Liang koti, thelathini na nne, mikono mirefu. "Na wewe, mama, vuka tena."

"Nimeshavuka."

"Ulibana."

"Sikubana."

"Mama."

Akavuka tena. Arobaini na mbili. Kissa akasema waandike arobaini na tatu, jubilei ina chakula.

Zikashonwa kwa siku nane, sare arobaini na tatu. Kissa alikwenda Xintang kila siku, anageuza kila mshono kwa mkono wake, mpaka Mama Liang akawa anamwambia meiyou, hakuna kosa, hakuna. Meli ingezifikisha kwenye jubilei ya miaka mia, kwa hiyo zilipandishwa ndege pale uwanja wa Baiyun.

Jumapili ya sherehe tulikuwa tunakula kwa Odette picha ilipoingia. Wamesimama kwenye ngazi za boma, bluu tupu. Kissa akaweka chakula chini. Akaikuza picha kwa vidole, bega kwa bega, kiuno kwa kiuno, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sisi hatukuthubutu kutafuna. Mama Benedicta alikuwa ametulia ndani ya sketi yake kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Mkono wa koti la Vedasto umepungua upana wa kidole kimoja," Kissa akasema mwishowe.

"Na wengine?" nikauliza.

"Wengine ni wao."

Akala. Alikula kama mtu aliyefunga miezi. Hajamaliza, simu ikalia, ni Maulid, maana Jumapili ni Jumapili. Tulimsikia hata bila spika. Akasema sare zimewakaa mpaka watu wa Kyela wanaulizia fundi. Halafu sauti ikashuka.

"Dada Kissa, sasa naruhusiwa kukusimulia mazishi?"

"Nisimulie yote, kaka yangu. Usiruke mtu."

Maulid akashusha pumzi ya miezi mitano, akaanza na ng'ombe aliyechinjwa msibani: rangi yake, alitoka kwa nani, na alivyokataa kuingia mjini.